Mama Mwanafunzi na Majira ya Majani Kupukutika

Siku hizi si ajabu kumwona mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mume, watoto na kazi yake, akifunga mizigo mwezi wa Agosti kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili. Sisi wa umoja wa akina mama kanisani tumekwisha kuwasindikiza kadhaa. Maombi ya kuwaaga huwa yale yale: Mungu ampe nguvu, avumilie, arudi na cheti. Ni nadra kusikia mama akiombewa afurahie masomo yake. Pengine ndiyo maana wengi huenda huko kama waendao kutumikia kifungo.

Wenzetu wawili walisoma Ann Arbor, mji wa Chuo Kikuu cha Michigan, kaskazini mwa Marekani. Masomo huanza mwishoni mwa Agosti kungali joto, na jua huchelewa kuzama. Kisha majira hugeuka. Vitabu vingine huyaita vuli, lakini vuli yetu sisi ni mvua na jembe. Ya kule ni majani kupukutika. Mchana ukifupika, mti huacha kutengeneza rangi ya kijani, na ile manjano iliyojificha ndani ya jani ikaonekana. Nyekundu hutengenezwa wakati huo huo, kutokana na sukari iliyobaki katika jani. Kwa majuma machache mji mzima huwaka.

Mwenzetu mmoja, muuguzi kama sisi, mwaka wake wa kwanza hakuyaona hayo. Alitoka chumbani kwenda maktaba, akatoka maktaba kwenda chumbani. Kila saa ya kupumzika aliiona kama ameiiba kwa watoto aliowaacha kwa dada yake. Siku za Jumamosi, mji ulipovaa rangi za chuo, ambazo wenyewe huziita mahindi na bluu, na watu zaidi ya 100,000 wakamiminika uwanjani kutazama mpira wao wa Kimarekani, yeye alifunga dirisha. Kufika katikati ya Novemba miti ilikuwa mitupu, naye amekonda, halali, na kulia kwake ni bafuni ili wenzake wasisikie.

Hapa tuseme kidogo kiuguzi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza sonona inayokuja na majira, mwanga unapopungua. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tumezoea mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima. Ann Arbor, mwezi wa Desemba, ni saa 9 tu. Mwili hushangaa. Basi mama atoke nje kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu, atembee. Anunue koti na viatu vya baridi mapema, wala asingoje theluji imfundishe. Achanjwe chanjo ya mafua. Na huzuni ikizidi majuma mawili, usingizi na hamu ya chakula vikipotea, aende zahanati ya chuo. Akiwaza kujidhuru, asingoje hata siku moja. Maombi na daktari havigombani.

Mwaka wa pili ndugu yetu alibadili mwenendo. Asubuhi alipita katika bustani ya miti ya Nichols, kando ya mto Huron. Jumamosi alikwenda soko la wakulima pale Kerrytown, akanywa sharubati ya tofaa ya moto yenye mdalasini, akarudi na boga kubwa. Alilipika kwa tui la kopo, akawaita wanafunzi watatu ambao angeweza kuwazaa. Tangu hapo wakamwita Mama. Walimwonyesha ile herufi M ya shaba iliyo katikati ya uwanja wa chuo. Wanafunzi husema ukiikanyaga kabla ya mtihani wako wa kwanza utashindwa. Yeye ni mzee wa kanisa, hana habari na mambo ya bahati, ila anakiri kuwa aliizunguka. Alama zake hazikushuka hata moja.

Wala asijione mgeni mahali pale. Mwanamke wa kwanza, Madelon Stockwell, alipokewa katika chuo hicho mwaka 1870, na mwaka 1964 kikaanzishwa kituo cha kuwasaidia wanawake waliokatiza masomo kwa ajili ya ndoa na malezi. Wazungu nao walikuwa na mama zetu wa namna hii.

Mambo ya fedha tuyapitie upesi: mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi hapo chuoni zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Asijiahidi kulipa karo ya watoto kwa mshahara huo.

Linalosumbua zaidi ni ile sauti ya ndani: mama gani anafurahia majani wakati mwanawe ana homa nyumbani? Tunajua inavyouma. Lakini Mariamu, dada yake Martha, aliketi miguuni pa Bwana kujifunza, na hakuna andiko linalosema aliketi amenuna. Mtoto hapungukiwi kitu mama yake akicheka ng'ambo ya bahari. Hupungukiwa akisikia sauti iliyovunjika kila jioni.

Na tuseme juu ya simu hiyo. Saa sita mchana ya Ann Arbor ni saa moja jioni kwetu, watoto wanangoja chakula. Jumapili ya kwanza ya Novemba wenzetu hurudisha saa zao nyuma, basi inakuwa saa mbili usiku. Ratiba ibadilishwe, mdogo asije akalala kabla ya kumsikia mama. Wa nyumba ile tuliyoisema alipoambiwa majani yamejaa njia nzima, aliuliza neno moja tu: nani anayafagia?

Nanyi mnaobaki, baba, shangazi, dada, simu ikishikwa msianze na deni la maji na ng'ombe aliyekataa kula. Mwulizeni kwanza leo ameona nini.