Alitumikaka au Alitumiwa? Juu ya kuchagua msahihishaji wa mtandaoni

Katika mahojiano niliyorekodi kwa ajili ya tasnifu yangu yumo mzee mmoja wa Masisi, sasa mkimbizi wa ndani, aliyesema hivi juu ya marehemu baba yake: "Baba alitumikaka kwa bazungu, mu mashamba ya chai." Niliandika kama alivyosema. Faili liliporudi kutoka kwa huduma ya usahihishaji niliyoilipa kwenye intaneti, sentensi ilikuwa imekuwa hivi: "Baba alitumiwa na Wazungu katika mashamba ya chai." Hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba kitu kimebadilishwa. Nisingekuwa na rekodi sikioni nikisoma, ningeipitisha.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam sentensi ya pili haina kosa. Na ya kwanza, kwake, ni ya ajabu: mtu "kutumika" ni kama chombo kinavyotumika. Lakini kwetu, kuanzia Kivu hadi Katanga, kutumika ni kufanya kazi. Mzee alikuwa akisema kwamba baba yake alikuwa mfanyakazi, na alisema kwa fahari, kwa sababu baada ya hapo alieleza juu ya baiskeli iliyonunuliwa kwa mshahara ule. Msahihishaji alimgeuza mfanyakazi kuwa mtu aliyenyonywa. Huenda alinyonywa pia. Mashamba ya wakoloni tunayajua. Lakini hilo ni hitimisho langu mimi mtafiti kulitafuta, si la mtu asiyemjua mzee kulitia kinywani mwake. Masisi ni mahali ambapo kati ya 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda, wengi wao wakaenda kufanya kazi mashambani, na hadi leo watu wanagombana juu ya nani alikuja lini na kwa kazi gani. Kitenzi kimoja hapo si jambo dogo.

Tazama pia kile kiambishi -ak-. Alitumikaka, tulilimaka, anasemaka: tendo la mazoea, la kurudiwarudiwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba ni "makosa ya Kingwana". Si makosa. Ni ndugu wa -aga ya Kinyarwanda (nakoraga, nilikuwa nikifanya kazi), na wataalamu wa Kibantu wanakirudisha kwenye lugha mama yenyewe. Kiswahili sanifu ndicho kilichokipoteza, kikajitafutia hu- ya mazoea. Msahihishaji anayefuta -ak- amefuta data ambayo sisi wa isimu tumeiendea hadi kambini.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu wenzangu wengi wananiuliza swali moja: "Huduma gani ni nzuri?" Wanataka jina. Jina haliwezi kusaidia, maana huduma iliyonivurugia mahojiano ingeweza kukufaa wewe unayeandika makala ya kutuma kwa jarida la Nairobi. Swali ni huduma hiyo inafanya nini inapokutana na sentensi isiyo ya kwake.

Karibu zote zitaipima kwa Kiswahili sanifu, na ni haki yao, ndicho kinachouzwa. Ila tukumbuke kilitoka wapi. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, kisha Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa hiyo hiyo tunayoizungumzia: kusoma miswada, kusahihisha, kutoa ithibati kabla kitabu hakijaingia shuleni. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kwa hiyo mhariri wa leo anaposema "hivi ndivyo Kiswahili kilivyo", anasema kwa niaba ya kikao ambacho bibi zetu hawakualikwa.

Kwanza basi, jua unanunua nini. Kusahihisha prufu ni kutafuta herufi iliyoruka, nukta, nafasi mbili badala ya moja. Kuhariri lugha ni kugusa sentensi. Kuhariri maudhui ni kugusa hoja, na hapo umeshaingia kwenye eneo la mwalimu anayekusimamia. Muulize kabla, kwa maandishi, ni kiasi gani kinaruhusiwa. Matangazo mengi huchanganya yote matatu chini ya neno moja, na bei ya chini huwa ni ya prufu tu.

Pili, uliza kama anayesoma ni mtu au ni programu. Wengi siku hizi ni programu, na mtu anapitisha macho mwishoni. Programu si mbaya kwa kila kitu: ilinionyesha mahali nilipoandika "kwa kwa" mara tano. Lakini inafanya kazi kwa kulinganisha neno na yale iliyozoea kuyaona, na majina yetu haijayazoea. Katika jaribio langu Masisi iligeuka "masizi". Walikale ilivunjwa ikawa "wali kale", kama chakula kilicholala. Nilicheka. Nilipofika mahali ambapo Wahunde wamekuwa "wahuni" sikucheka tena. Ukurasa huo ungefika mikononi mwa mtu fulani katika eneo letu, nani angeamini kwamba ni mashine?

Ndiyo maana nashauri jaribio la ukurasa mmoja kabla ya kulipa chochote. Usiwape ukurasa wako mzuri wa utangulizi. Wape ule mgumu: aya yako mwenyewe moja, kipande cha mahojiano, majina matatu ya vijiji, neno moja la Kihunde au la Kinyanga. Tia pia makosa mawili ya makusudi katika aya yako. Ukurudishiwa, angalia kama makosa yale mawili yameonekana, kama mahojiano yameachwa, na kama mabadiliko yote yamewekewa alama ili uweze kukubali au kukataa moja moja. Jambo la mwisho ndilo la kuangalia zaidi. Na msahihishaji anayeandika pembeni "neno hili silijui, linamaanisha nini?" mshike huyo, hata akikuomba dola mbili zaidi kwa ukurasa.

Msaidie naye. Andika karatasi moja ya maamuzi: ninaandika Wanyanga, si Banyanga, isipokuwa ndani ya nukuu, kila kilicho kati ya alama za kunukuu kisiguswe, kutumika katika mahojiano ni kufanya kazi, majina ya mahali ni haya. Mimi sikuiandika, kwa hiyo nusu ya lawama ni yangu. Mfano mzuri wa kumwachia msemaji maneno yake tunao karibu, Walikale. Utendi wa Mwindo uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 ulitolewa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga. Matini ya Kinyanga ilichapishwa kwa upande wake na tafsiri kwa upande wake. Anayetaka kubishana na tafsiri anayo matini ya kurudia.

Kuna jambo ambalo matangazo hayaligusi kabisa: faili lako linakwenda wapi? Ukiandika juu ya Masisi au Walikale, ndani yake mna watu waliokuambia kijiji walichotoka, kabila lao, nani alichukua shamba lao. Ukilipakia kwenye huduma ya bure hujui linahifadhiwa wapi wala kwa muda gani. Ondoa majina, ondoa vijiji vidogo, weka alama (M1, M2), na ufunguo wa alama hizo ubaki kwenye daftari, si kwenye simu. Tena usitume rekodi za sauti, hata wakisema zitawasaidia "kuhakikisha". Sauti ya mtu inatambulika kuliko jina lake.

Malipo nitayapitia haraka. Huduma nyingi zinataka kadi ya benki, na wengi wetu hatuna. Benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025 hata waliokuwa nazo walihangaika. Tafuta mhariri anayepokea pesa kwa simu, au mlipe mkiwa watatu kupitia ndugu aliye Kampala, au yeyote mwenye njia. Lipa nusu mwanzoni, nusu baada ya kuona kazi.

Mimi mwishowe nilirudi kwenye rekodi nikasahihisha usahihishaji, siku nne, faili mbili wazi kwa wakati mmoja. Kisha nikampigia mzee simu nikamsomea kipande chake. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa nini nimeiacha ile habari ya baiskeli. Nilikuwa nimeikata mimi mwenyewe, kupunguza kurasa. Nimeirudisha.