Tovuti ya Mradi: Kila Msomaji Apate Lugha Yake



Tovuti ya mradi hutoa taarifa kwa kamati iliyo nyumbani na kwa mfadhili aliye mbali. Ikiwa na lugha kadhaa, lazima Google na mitambo mingine ya kutafutia habari ielezwe ukurasa upi ni wa nani. La sivyo, mjumbe anayetafuta hesabu za mradi aweza kuletewa Kijerumani, naye hawezi kuhoji asichokielewa.

Tuchukue mfano wa Paje, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989. Ufukweni hapo mama mkulima wa mwani na mgeni kutoka Ujerumani wako nchi moja, lakini lugha ni mbili. Kwa hiyo tovuti isichague lugha kwa kuangalia simu iko wapi. Lugha huamua maneno. Nchi huamua mambo kama sarafu na njia ya kutuma mchango.

Utaratibu ni huu:

1. Kila lugha iwe na ukurasa wenye anwani yake.

2. Fundi aweke alama iitwayo hreflang, iliyoanzishwa na Google mwaka 2011. Kiswahili ni sw, Kijerumani de, Kiswidi sv. Tuwe waangalifu: kosa la herufi moja hutangaza ukurasa wa Kiswidi kuwa wa Kiswahili. Nchi huongezwa baada ya lugha inapohitajika tu; Kiingereza cha Uingereza ni en-GB, si en-UK.

3. Kila ukurasa ujitaje na kuitaja mingine, nayo iutaje. Upande mmoja ukisahau, alama yaweza kupuuzwa.

4. Uwepo ukurasa wa jumla, wenye alama ya x-default, kwa ambaye lugha yake haimo.

5. Juu ya kila ukurasa yaandikwe majina ya lugha: Kiswahili, Deutsch, Svenska. Tusitumie bendera, kwani bendera ni ya nchi. Kiswahili tukipe ya Tanzania au ya Kenya?

Mwisho, alama hizi hazitafsiri. Taarifa ya Kiswahili ikichelewa miezi sita, zitamfikisha mjumbe kwenye habari zilizopitwa na wakati. Hivyo, kabla ya kumlipa fundi, kamati iamue nani atatafsiri, na lini.