Unaanza Kazi Mpya? Jipange Kabla Mshahara wa Kwanza Haujaingia

Hongera, umepata kazi! Barua umeshika mkononi na nyumbani wote wamesikia. Lakini kuna jambo moja ambalo barua hiyo haisemi waziwazi: kati ya siku ya kuripoti kazini na siku ya mshahara wa kwanza, utatumia pesa kila siku na hakuna itakayoingia. Hapo ndipo watu hukopa huku na kule, na mshahara ukifika unakuta umeshaliwa. Hebu tuone jinsi ya kuzivuka wiki hizo.

1. Uliza mshahara utaingia lini

Usione haya. Kampuni nyingi hufunga hesabu za mishahara siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi. Ukianza kazi tarehe 18, huenda jina lako likakosa orodha ya mwezi huo, na siku ulizofanya zikalipwa pamoja na mwezi unaofuata. Hizo ni kama wiki sita. Muulize mwajiri mapema: "Nikianza tarehe hii, malipo yangu ya kwanza ni lini, na yanaingia benki au kwa simu?"

2. Piga hesabu ya kufika kazini

Tuseme nauli ni Sh150 kwenda na Sh150 kurudi, na chakula cha mchana ni Sh150. Hiyo ni Sh450 kwa siku. Kwa siku 30 za kazi, unahitaji Sh13,500 kabla hujalipwa hata shilingi moja. Na hapo hatujataja kodi ya nyumba, viatu, wala nguo za kazi.

Ukibeba chakula kutoka nyumbani, unaweza kuokoa kiasi kikubwa cha hizo Sh150. Pesa ya nauli nayo itenge kwenye akiba ya simu, kisha utoe ya wiki moja moja. Ikikaa pamoja na pesa nyingine, itaenda tu.

3. Jua kitakachobaki baada ya makato

Mshahara ulioandikwa kwenye barua sio utakaoupokea. Chukua mfano wa Sh30,000 kwa mwezi, kwa viwango vilivyoanza kutumika mwishoni mwa 2024:

- NSSF, asilimia 6: Sh1,800
- Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: Sh825
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: Sh450
- PAYE, baada ya nafuu ya kodi: takriban Sh731

Unabaki na kama Sh26,190. Ikiwa ulisomea chuo kwa mkopo wa HELB, nao utakatwa. Kwa hivyo usiahidi watu nyumbani ukihesabu elfu thelathini.

4. Kama ni lazima ukope, angalia tarehe

Mkopo wa simu wa siku 30 uliochukuliwa tarehe 18 utadaiwa kabla mshahara wa wiki sita haujaingia. Utakopa tena kulipa ule wa kwanza, na ada zinaongezeka. Afadhali uongee na chama chako, au umwombe mtu wa karibu, na mkubaliane kulipana baada ya siku ya mshahara. Kopa kile kinachopungua tu. Kumbuka pia, kama laini yako ina deni la ovadrafti, pesa yoyote ikiingia deni hukatwa kwanza.

5. Weka laini na stakabadhi sawa

Mwajiri atataka kitambulisho, PIN ya KRA, na namba zako za NSSF na SHA. Usajili wa SHA unaweza kuufanya kwa simu kupitia *147#. Kama utalipwa kwa simu, hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako, lile lile lililo kwenye kitambulisho. Laini ya ndugu au mpenzi inaweza kukuletea shida siku ya malipo.

Omba mkataba pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa.

6. Kazi hainunuliwi

Ukiambiwa utume pesa ya "usajili", "sare" au "kupimwa afya" kwenye namba ya mtu binafsi ili upewe nafasi, simama hapo. Piga simu ofisi yenyewe au uende mwenyewe kabla ya kutuma chochote. Na hakuna mwajiri anayehitaji namba yako ya siri ili akulipe. Sisi pia hatutakuuliza kamwe.

Leo jioni, chukua kalamu uandike mambo matatu: tarehe ya kuanza, tarehe ya kulipwa, na gharama ya siku moja. Ukishajua pengo ni kubwa kiasi gani, utajua cha kutenga leo. Tunakutakia kila la heri kazini!