Mkinzano wa Kutua: Istilahi za Uongozaji Ndege katika Mitambo ya Kuigizia

Miongoni mwa matini zinazotufikia siku hizi ili zitafsiriwe ni miongozo ya mitambo ya kuigizia urushaji wa ndege. Mitambo yenyewe si migeni: Edwin Link wa Marekani alikwisha kuwa na wake mwaka 1929. Lakini sasa mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kujizoeza, na tangu toleo la 2002 la programu ya Microsoft Flight Simulator mwanafunzi husikia pia sauti ya mwongoza ndege, huku ndege nyingine zikigombea naye barabara ileile ya kutulia. Hapo ndipo wafasiri wengi wanapokwama.

Tuchukue hali moja. Ndege yako imo katika mstari wa mwisho wa kutua, na iliyokutangulia bado haijatoka barabarani. Baadhi ya wafasiri wameiita hali hii “mgongano”. Hatukubaliani nao, kwani mgongano ni chuma kukutana na chuma, na hapa hakuna kilichogusana. Hili ni onyo tu kwamba nafasi baina ya ndege mbili itapungua kupita kiasi kilichowekwa, na muda wa kuepa ungalipo. Twapendekeza “mkinzano”. Yafaa ikumbukwe pia kwamba nafasi hiyo haiwekwi kwa hofu ya kugongana peke yake. Ndege nyepesi inayofuata ndege nzito chini ya uongozi wa rada hutakiwa kubaki nyuma kwa maili 6 za baharini, kwa kuwa msukosuko wa hewa unaoachwa na ile nzito unaweza kuipindua.

Mkinzano usipotatulika kwa kupunguza mwendo, mwongoza ndege humwamuru rubani aache kutua, apande, kisha aje upya. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema “usitue”. Lakini linganisha “utue” na “usitue”: kinachotenganisha uhai na maafa ni silabi moja, nayo yaweza kumezwa na mkwaruzo wa redio. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa “ghairi kutua”. Tuliiacha, maana mwanzo wake ukipotea kinachobaki masikioni ni “kutua”. Twapendekeza “ghairi” pekee, litamkwe mara mbili. Akilisikia, rubani huongeza nguvu za injini, huinua pua ya ndege, hukunja kidogo kidogo vibawa vya nyuma ya mabawa, na akishahakikisha kuwa ndege inapanda hukunja magurudumu. Kujibu redio huja baadaye. Mwanafunzi wa kompyuta huelekea kutafuta kwanza kitufe cha kujibu, na mwalimu hana budi kumkanya.

Neno lililotuchosha zaidi ni “kuruka”. Kwa mazoea yetu ndege huruka inapoacha ardhi, huruka ikiwa angani, na tukiambiwa “imeruka saa mbili” twaelewa kuwa imeondoka. Kuna watakaoona kuwa kutenganisha dhana hizi ni kujitafutia kazi. Tunawakumbusha yaliyotokea tarehe 27 Machi 1977 katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Kukiwa na ukungu mzito, ndege ya KLM ilipewa maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kuacha ardhi. Maelekezo hayo yalitaja tendo la kuacha ardhi, ingawa hayakuwa kibali cha kulitenda. Ndege ikaanza kukimbia, ikaivaa ndege ya Pan Am iliyokuwa bado barabarani. Watu 583 walikufa. Baada ya hapo taratibu za kimataifa zilirekebishwa, na neno la kuacha ardhi likawekewa mipaka: litamkwe wakati wa kutoa au kufuta kibali chenyewe tu, na penginepo pote litumike neno la kuondoka.

Mazungumzo halisi ya redio katika safari za kimataifa kwa kawaida hufanywa kwa Kiingereza, na hatudai vinginevyo. Hata hivyo, mwanafunzi anayefundishwa kwa “kuruka” moja atakosa tofauti ambayo wenzake waliinunua kwa damu. Kwa hiyo: “kupaa” ni kuacha ardhi, na hutajwa katika kibali tu, “kuondoka” ni safari kuanza, “kuruka” ni kuwa angani, na kuongeza kimo ni “kupanda”. “Barabara ya kurukia” hatukuigusa kwa sababu imekwisha kuzoeleka, ingawa twakiri kuwa inauharibu mpango wetu.

Limebaki “sawa”. Siku ile ya Tenerife rubani msaidizi wa KLM aliporudia maelekezo na kuongeza maneno ya kuashiria kwamba wanapaa, mnara ulijibu kwa neno la mkato lenye maana kama ya “sawa” yetu, kisha ukamwambia angoje. Sehemu hiyo ya pili iligongana na sauti ya Pan Am, na katika chumba cha marubani wa KLM likasikika vizuri lile neno la kwanza tu. “Sawa” yaweza kuwa nimesikia, nimekubali, au endelea. Katika orodha yetu halimo. Anayepewa amri ataijibu kwa kuirudia amri yenyewe.