Kijiji cha Wavuvi Kisiwani: Kweli au Si Kweli?

Visiwa vidogo vya pwani ya Tanzania, kama Jibondo huko Mafia na Kisiwa Panza huko Pemba, husemwa zaidi kuliko vinavyotembelewa. Baadhi ya yasemwayo hutoka kwa wageni, mengine kwa wenyeji wenyewe. Hapa tumezichambua kauli sita, kwa sababu maneno yanayorudiwa kila siku ndiyo huishia kuamua nani apewe mkopo, nani aitwe kikaoni na nani ale nini.

1. "Wavuvi ni wavivu. Saa nne asubuhi utawakuta wamelala kivulini."
SI KWELI

Mvuvi hupanga kazi yake kwa kuutazama mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni, huwasha taa baharini usiku kucha na kurudi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu, taa hizo hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Wenye madema na mishipi nao hupima bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapobadilika kidogo) kabla ya kushua chombo. Juu ya hayo yote kuna pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari mara nyingi huwa tulivu. Kusi ikishika katikati ya mwaka, mawimbi huwafungia nyumbani wenye mitumbwi midogo hata kama jikoni hakuna kitu. Aliyelala saa nne, basi, huenda alikuwa kazini tangu jana jioni.

2. "Kuvua ni kazi ya wanaume."
SI KWELI

Siku za bamvua, maji yakipwa, miamba huachwa wazi kwa saa chache. Wanawake hushuka kwa miguu, mkonzo mkononi, wakikagua tundu moja baada ya jingine kutafuta pweza. Wengine huokota chaza na kombe, na wengine hutanda uduvi kwa kanga kwenye maji ya magotini. Kwa kuwa hawana chombo wala injini, ni rahisi kuwasahau pale "wavuvi" wanapoorodheshwa. Tangu pweza aanze kununuliwa na viwanda vinavyouza nje, wanaume nao wameingia kwa wingi, wakizamia kwa miwani kwenye maji marefu zaidi. Wanawake wamebaki na miamba ya karibu, ambayo ndiyo huchoka kwanza.

3. "Mandhari ya huko ni mchanga mweupe na minazi tu."
NUSU KWELI

Kisiwa kikuu cha Mafia kina minazi tele. Vuka hadi Jibondo uone tofauti: kisiwa kizima ni jiwe la matumbawe ya kale, lenye ncha za kukata miguu na udongo haba wa kulima. Maji yakipwa, mbele ya nyumba kunabaki uwanda wa majani ya bahari, tope na vidimbwi, na vyombo vimeegama ubavu vikisubiri maji yajae. Jiwe hilo pia halihifadhi maji matamu ya kutosha. Kwa miaka mingi watu wa Jibondo walitegemea maji ya mvua na madumu yaliyoletwa kwa mashua kutoka kisiwa kikuu. Mtalii alipiga picha ya bahari ya samawati huku mwenyeji akipiga hesabu ya dumu.

4. "Kijiji cha mbali hakina habari na dunia."
SI KWELI

Pweza aliyechokolewa Mafia huishia kwenye meza za Ulaya, zikiwemo za Italia na Hispania. Dagaa wa pwani na visiwani hukaushwa, wakafungwa kwenye magunia na kusafirishwa hadi Kongo. Soko la huko likiyumba, bei hushuka dikoni, samaki wanaposhushwa, kabla habari haijafika redioni. Watu nao husafiri: wavuvi wa Kojani, Pemba, wanajulikana kwa kwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi kwa wiki au miezi kadhaa mbali na kwao. Si jambo geni katika pwani hii. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji unaofanya biashara na ng'ambo. Kinachokosekana katika visiwa vingi vidogo ni usafiri wa uhakika, zahanati yenye dawa na barafu ya kuhifadhia samaki.

5. "Kufunga mwamba ni kumnyima mvuvi riziki."
SI KWELI, ikiwa wenyeji ndio wanaoamua

Pweza wa miamba yetu hukua upesi na kuishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo kuuacha mwamba miezi michache kunatosha kumpata pweza mzito zaidi. Kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, kilianza kufanya hivyo mwaka 2004, na utaratibu huo umefuatwa pia katika vijiji vya pwani yetu, Kisiwa Panza kikiwemo. Tahadhari ni mbili. Mwamba ukifunguliwa na kila mtu akauvamia kwa pamoja, faida ya miezi huisha kwa machweo mawili. Na miamba inayofungwa ikiwa ni ile ya karibu pekee, mzigo wote huwaangukia wanawake wasio na chombo cha kwendea mbali.

6. "Nyama ya kasa ikichemshwa vizuri haina madhara."
SI KWELI, na kauli hii inaua

Machi 2024, huko Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine walilazwa hospitalini. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2021 watu saba walifariki Pemba kwa sababu hiyohiyo. Sumu ya kasa haiondolewi na moto, chumvi wala ndimu. Kasa mwenye sumu hajulikani kwa rangi, harufu wala ladha, na aliyeliwa mwaka jana bila tatizo hathibitishi chochote kuhusu wa leo. Dalili zinaweza kuchelewa hata siku kadhaa, na mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto sumu kwa maziwa. Tiba mahususi haipo. Tena, kasa analindwa na sheria. Aliyekula akahisi vibaya asingoje kupambazuke, awahi hospitali, na wote waliokula naye waende pamoja.

Basi, ewe afisa, mwanaharakati au mfadhili unayepanga kwenda kisiwani, kabla ya kutangaza tarehe ya mkutano uliza maji yatapwa saa ngapi. Ukiwaita watu wakati wa bamvua, maji yakiwa yamepwa, wachokoa pweza watakuwa mwambani, na utarudi mjini na maoni ya kijiji yasiyo na sauti yao.