Umeme ukirudi, mashini inahama: dawa yake ni hii



Mama mmoja wa kikundi chetu, hapa Katuba, Lubumbashi, analisha watoto wake kwa mashini ya kupiga chapa. Ameiweka nyumbani: wanafunzi wanaleta kazi zao, vijana wanaleta barua za kuomba kazi. Juma lililopita umeme ulikatika, ukarudi, na mashini ikakataa kutoa hata karatasi moja. Kompyuta iliandika kwamba haiioni. Wateja watatu wakaenda kwa jirani. Mama akadhani mashini imekufa, akaanza kuhesabu pesa za likelemba ili anunue ingine.

Kumbe mashini ilikuwa nzima. Ilikuwa imehama adresi tu.

Tuelewane. Kila chombo kinachoingia kwenye wifi ya nyumba kinapewa numero na ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti. Numero hiyo inaitwa adresi ya IP, kwa mfano 192.168.1.5. Ruta inaziazimisha tu, haizitoi milele. Umeme ukirudi, inaweza kugawa upya: telefoni ya mtoto inawahi kuchukua 5, mashini inapata 9. Kompyuta nayo inaendelea kupeleka kazi kwa 5. Ni kama kumtuma mtoto na chakula kwa shangazi aliyekwisha kuhama.

Ukiwa na kode ya ruta, unaweza kuiambia imwekee mashini numero moja siku zote. Lakini ruta ya mama huyu imefungwa. Kode iko kwa waliomletea intaneti. Na usibonyeze kile kitundu cha nyuma kwa sindano: kinaweza kufuta mipangilio yote, nyumba ikabaki bila intaneti.

Fanya hivi:

1. Omba kwanza. Piga simu kwa wanaokuletea intaneti, waombe waiwekee mashini numero yake. Wakikataa, waulize: ruta inagawa kutoka ngapi mpaka ngapi?

2. Andika numero kwenye mashini yenyewe. Wakisema ruta inagawa kutoka 2 mpaka 200, chagua iliyo nje, kama 192.168.1.220. Usichukue ya ruta, ambayo mara nyingi ni 1, wala 255. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye mashini, toa "otomatiki", andika numero uliyochagua, kisha 255.255.255.0, kisha numero ya ruta. Mwishoni, iongeze mashini upya kwenye kompyuta kwa numero hiyo mpya. Iandike pia kwenye karatasi, uibandike juu ya mashini.

3. Ukiwa na uwezo, nunua ruta yako ndogo. Iunganishe kwa waya nyuma ya ile iliyofungwa, uipe mfululizo mwingine, kama 192.168.50, na vyombo vyote viingie kwako. Hapo kode ni yako: unapanga numero, na ruta nyingi zinakuruhusu hata kuzimia watoto intaneti saa za kulala.

Mama yule alichagua njia ya pili, bila kulipa hata franka moja. Tangu hapo umeme umekatika tena mara mbili, na mashini ingali inaitika. Pesa za likelemba zimebaki kwa minervali ya watoto.

Mama mwenye shida kama hii aje na telefoni yake kwenye kikao kijacho, tutaangalia pamoja.