Figo Huugua Kimya, Nasi Hutibu Maradhi Mengine

Katika msikiti wetu yupo mzee ambaye kwa miaka mingi hakukosekana safu ya mbele. Mwaka jana tulimwona akianza kuswali juu ya kiti, tukasema ni uzee. Akawa anatoka kabla ya uradi kwisha na kwenda kutapika karibu na sehemu ya kutilia udhu, tukasema ni vidonda vya tumbo. Mkewe alinunua dawa za vidonda, kisha dawa za malaria mara tatu. Uso na miguu vilipovimba, wako waliosema ni moyo. Alipoanza kuweweseka usiku, wako waliosema ni majini, asomewe ruqya. Siku alipopimwa damu, daktari aliiambia familia kuwa figo zote mbili zimeshindwa kufanya kazi.

Sisi wa kamati tulipokwenda kumzuru, mkewe alituuliza swali moja: "Miezi yote ile, mbona hakuna aliyetaja figo?" Hatukuwa na jibu. Tumelitafuta, na tunaona ni amana kulifikisha kwa ndugu zetu Waislamu.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Baadhi vikifa, vilivyobaki hubeba kazi yao, hivyo mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo bila kuhisi lolote. Dalili zinapokuja, mara nyingi maradhi yameshakwenda mbali.

Tena dalili hizo hujitokeza kwenye viungo vingine. Figo zikishindwa kutoa taka, damu huzisambaza mwili mzima. Mgonjwa hupata kichefuchefu na kukosa hamu ya kula, ikadhaniwa ni tumbo au malaria. Ngozi huwasha, ikadhaniwa ni aleji. Maji hujaa mapafuni na pumzi ikabana, ikadhaniwa ni pumu. Taka zikizidi, akili huchanganyikiwa. Zaidi ya hayo, figo ndizo zinazotoa homoni inayouamrisha mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu. Zikidhoofika, damu hupungua, na mgonjwa akaishia kupewa dawa za kuongeza damu peke yake.

Yapo pia mazoea mawili yanayotupoteza. La kwanza ni kuamini kwamba mgonjwa wa figo lazima aumwe mgongo; wengi hawaumwi kabisa. La pili ni kuamini kwamba anayepata mkojo figo zake ni nzima. Mkojo unaweza kuendelea kutoka kwa wingi, lakini taka zikabaki mwilini.

Kwa hiyo, figo hazijulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kipimo cha damu kiitwacho kreatinini, na kipimo cha mkojo kinachoonyesha kama protini inavuja. Mwenye shinikizo la damu au kisukari asisubiri dalili, kwa kuwa maradhi hayo mawili ndiyo yanayoongoza kuharibu figo; amwombe daktari vipimo hivi angalau mara moja kwa mwaka. Vilevile, anayemeza dawa za maumivu kila siku bila ushauri wa daktari ajue kwamba baadhi yake huziumiza figo.

Hatumkatazi mtu kusomewa. Kisomo ni dua, na kupima ni katika kutafuta dawa, jambo ambalo Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza. Lililotuponza ni kwamba kila mmoja wetu alitoka msikitini akiwa ameshaupa ugonjwa jina, na hakuna aliyesema, "Twende tukapime."

Leo mzee wetu husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, na gharama zake ni mzigo kwa familia na kwa jamaa wa msikiti. Ijumaa akipata nguvu huja, akakaa kwenye kiti chake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye, na atusamehe kwa kuchelewa kwetu. Amin.